Kodi ya Jua la Umeme: Anasa Ikidhuru, Serikali Itie Mkono?

Tarehe 1 Julai 2010 serikali ya Marekani ilianza kutoza kodi ya asilimia 10 kwa kila anayelipia kulala kwenye kitanda cha miale. Kwa sisi ambao jua la saa saba mchana tunalikimbia, tukavuka barabara kufuata kivuli cha ukuta, biashara hii inahitaji maelezo kidogo. Mteja anaingia saluni, anavua nguo, anavaa vimiwani vya kukinga macho, analala juu ya kioo chenye safu ya taa ndefu chini yake, kisha anajifunika mfuniko wenye taa kama hizo. Anakaa humo dakika kumi, pengine zaidi kidogo. Taa zinatoa miale ya urujuanimno, ileile inayotoka kwenye jua, na baada ya kurudia mara kadhaa ngozi nyeupe inashika rangi ya shaba. Kwa Wazungu wengi rangi hiyo ni dalili ya afya, ya likizo ufukweni, ya pesa. Wengi wanaoinunua hawana likizo wala ufukwe. Wana saluni ya mtaani, jirani na duka la dobi.

Kodi yenyewe ilikuwa kijisehemu tu cha sheria kubwa ya bima ya afya aliyoisaini Rais Barack Obama mwezi Machi mwaka huo, lakini ilipata umaarufu wa haraka kuliko vifungu vilivyogusa maisha ya mamilioni. Nyota wa televisheni Nicole Polizzi, anayejulikana zaidi kama Snooki, alitangaza kwamba ameacha kuota miale kwa sababu ya kodi ya Obama, na kwamba John McCain asingethubutu kufanya jambo hilo. McCain, seneta aliyeshindwa na Obama kwenye uchaguzi wa 2008, akamjibu Twitter kwamba yeye kamwe asingekitoza kodi kitanda chake. Watu wakacheka. Miaka imepita, kicheko kimeisha, kodi ingalipo. Mwaka 2017, na tena 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha miswada yenye kipengele cha kuifuta, na mara zote mbili kipengele hicho kilifia njiani.

Swali lake nalo bado bichi. Mtu mzima akitumia pesa zake kwa starehe inayomdhuru yeye mwenyewe, serikali inaingia hapo kwa haki gani? Na ikishaingia, kodi ndiyo chombo chenyewe? Haya ni maswali mawili, na ugomvi mwingi unatokana na watu kulijibu la kwanza wakidhani wamelijibu la pili.

Tuanze na namna kodi hii ilivyozaliwa, maana kuzaliwa kwake kunaeleza mengi. Mwishoni mwa 2009 Seneti ilikuwa inahangaika kutafuta fedha za kugharamia sheria ya afya. Rasimu ya mwanzo haikutaja vitanda vya miale kabisa. Ilikuwa na kodi ya asilimia 5 kwa upasuaji wa urembo na sindano za kuondoa makunyanzi, na magazeti yakaibatiza "Bo-Tax", kwa jina la dawa ya Botox. Ilikadiriwa kuingiza karibu dola bilioni 6 kwa miaka 10. Wakaipinga watengenezaji wa dawa hiyo, wakaipinga madaktari wa upasuaji na wa ngozi, na hata chama kikubwa cha kutetea wanawake kikasema inawalenga wanawake wa makamo wanaobaguliwa kazini kwa sura zao. Desemba kodi hiyo ikaondolewa, na kwenye nafasi yake ikachomekwa kodi ya vitanda vya miale, iliyotarajiwa kuleta dola bilioni 2.7 kwa kipindi kilekile. Chama cha madaktari wa ngozi kilikuwa miongoni mwa waliosukuma mabadilishano hayo.

Hapo mtu aliyezoea siasa za huku anaanza kutabasamu. Daktari wa ngozi ndiye anayekata saratani na kumwona binti wa miaka 28 akirudi na uvimbe wa pili; ana kila sababu ya kuvichukia vitanda hivyo. Lakini ni huyohuyo anayedunga Botox na kulipwa vizuri. Maslahi yake na dhamiri yake siku hiyo vilielekea upande mmoja, bahati ambayo si wengi huipata. Mwenye saluni ya vitanda sita katika mji mdogo wa Ohio hakuwa na mtu wa kumsemea Washington mwenye uzito kama huo. Ndivyo mzigo ulivyohama kutoka kwa wenye sauti kwenda kwa wasio nayo, na mimi naona ni vizuri kulikumbuka hili kila tunapoambiwa kwamba kodi fulani imewekwa kwa ajili ya afya ya wananchi. Kodi nyingi za namna hii huanza na pengo la bajeti, na afya huja baadaye kama mfadhili wa heshima.

Hata hivyo, asili mbovu haiifanyi hoja kuwa mbovu. Madhara ya vitanda hivi si uzushi. Julai 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vitanda vya miale kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku na asbesto. Uchambuzi wake wa 2006 ulionyesha kwamba mtu anayeanza kuvitumia kabla ya umri wa miaka 35 anaongeza hatari ya kupata melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali kuliko nyingine, kwa asilimia 75. Hesabu za baadaye ziliishusha hadi karibu 60, na hiyo bado si ndogo. Watafiti wamekadiria kwamba zaidi ya saratani za ngozi 400,000 kwa mwaka nchini Marekani zinahusiana na vitanda hivi. Nyingi kati ya hizo hukatwa na kupona. Melanoma ndiyo inayozika watu.

Wanaounga mkono kodi wana hoja yao kuu hapa. Matibabu ya saratani ya ngozi Marekani yalikadiriwa kugharimu dola bilioni 8.1 kwa mwaka kati ya 2007 na 2011. Sehemu kubwa ya gharama hiyo inatokana na jua la kawaida, lakini sehemu inatokana na vitanda, na anayelipa si mgonjwa peke yake. Mzee wa miaka 65 anatibiwa na mfuko wa umma wa Medicare. Kijana mwenye bima ya kazini analipiwa na wenzake ofisini ambao hawajawahi kuota miale. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza jambo hili zaidi ya miaka mia iliyopita: bei ya kitu isipobeba hasara kinachowapa watu wengine, kitanunuliwa kupita kiasi, na kodi inaweza kuirudisha hasara hiyo ndani ya bei. Kwa lugha ya mtaani, ukitaka kuungua, ungua, ila weka chako mezani mapema.

Hoja ya pili ni ya vijana, na kwangu ina nguvu kuliko ya kwanza. Mwaka 2009 karibu robo ya wasichana wa sekondari Marekani walisema wameota miale ndani ya mwaka huo. Msichana wa miaka 16 anayejiandaa kwa mahafali hafikirii atakavyokuwa akiwa na miaka 40. Na kuna ushahidi kwamba miale hiyo huufanya mwili utoe endofini, kemikali ya kujisikia vizuri, ndiyo maana wapo wanaorudi saluni hata rangi ikiwa imeshakolea. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba yuko huru kuchagua, unasema ukweli nusu.

Sasa upande wa pili, ambao naona mara nyingi hausikilizwi kwa haki. Hoja ya uhuru wa mwili si porojo za wenye saluni. John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru wa mtu binafsi katika karne ya 19, alisema kwamba kutoza pombe kodi kwa nia tu ya kuifanya isipatikane ni marufuku iliyopunguzwa makali: anayemudu ataendelea, asiyemudu amekatazwa. Yeye mwenyewe alikubali kodi hiyo iwapo serikali inahitaji mapato na lazima ichague pa kuyatoa. Lakini msumari wake ulipiga mahali. Kodi ya asilimia 10 haimzuii wakili wa Manhattan. Inamzuia mhudumu wa mgahawa. Ukisema unalinda afya ya wote huku chombo chako kinamgusa maskini pekee, kuna kitu hakijakaa sawa.

Watetezi wa kodi hujibu kwamba maskini ndiye atakayefaidika zaidi, kwa kuwa ndiye atakayeacha. Jibu hilo lina ukweli kwenye sigara. Kwenye kitanda cha miale lina tundu, kwa sababu mhudumu wa mgahawa akiacha saluni anaweza kwenda kulala uwanjani nyuma ya nyumba saa sita mchana bila malipo. Jua halitozwi kodi, na kwa ngozi yake linadhuru vilevile.

Halafu kuna neno "anasa", ambalo watunga bajeti wa kila nchi hulipenda kupita kiasi. Anasa ni nini? Kwa kawaida ni kitu ambacho mimi sikitumii. Marekani ilishalijaribu hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1990 Bunge lake liliweka kodi ya asilimia 10 kwa sehemu ya bei inayozidi dola 100,000 kwa boti za starehe, na asilimia hiyohiyo, kwa vikomo tofauti vya bei, kwa magari, vito, manyoya na ndege binafsi. Ilionekana haki tupu: nani wa kumlilia mwenye boti? Matajiri wakaahirisha kununua, au wakanunua kwingine. Waliolia ni mafundi seremala na wapaka rangi wa viwanda vya boti, ambao tayari walikuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi. Kodi ya boti ikafutwa 1993. Tajiri ana njia kumi za kuiepa kodi ya starehe, na fundi ana ajira moja.

Ndiyo maana nasema "anasa" si kigezo. Kama kitu ni cha anasa lakini hakidhuru, tatizo la serikali liko wapi? Na kama kinadhuru, hakina haja ya kuwa anasa ndipo kishughulikiwe. Sigara ya kununua moja moja kibandani haijawahi kuwa anasa. Kodi ya afya inapaswa kufuata madhara. Kodi ya mapato inapaswa kufuata uwezo wa mtu kulipa. Ukizichanganya unapata kodi inayokosa shabaha zote mbili, na hapo ndipo kodi ya vitanda vya miale inapokuwa somo zuri.

Itazame kwa karibu. Kodi ni asilimia 10 ya bei. Haiulizi taa zina nguvu kiasi gani, haiulizi mteja amekaa dakika ngapi, haiulizi ana umri gani. Kipindi cha dola 15 kinaongezeka dola moja na nusu. Saluni nafuu yenye taa kali inalipa kodi ndogo kuliko saluni ghali yenye taa za wastani. Ubaya zaidi uko kwenye vifurushi. Wateja wa kudumu mara nyingi hununua kifurushi cha mwezi, uote kadiri upendavyo. Kodi inakatwa kwenye bei ya kifurushi mara moja. Baada ya hapo, anayekwenda mara nne na anayekwenda mara ishirini wamelipa kodi ileile. Kila mara ya ziada, ile inayoongeza hatari, haina kodi hata senti. Yule aliyekubuhu, ambaye ndiye tuliyekusudia kumpunguzia kasi, ndiye ambaye kodi hii imempa punguzo.

Kuna tundu kubwa kuliko hilo. Sheria iliacha nje tiba ya mwanga inayotolewa na wahudumu wa afya wenye leseni, jambo la maana, kwa kuwa wagonjwa wa soriasisi na maradhi mengine ya ngozi hutibiwa kwa miale. Iliacha pia rangi ya kupuliziwa, ambayo haina miale. Sawa. Lakini kanuni za mamlaka ya mapato zikasamehe vilevile kumbi za mazoezi, ikiwa kazi yao kuu ni mazoezi na hawatozi malipo ya pekee kwa kitanda. Matokeo yake ni haya: mtu anajiunga na ukumbi wa mazoezi, anapata mashine za kukimbilia, vyuma vya kunyanyua, na chumba cha nyuma chenye kitanda cha miale ndani ya ada ileile. Miale ni ileile. Saratani ni ileile. Kodi hakuna. Mtaa wa pili, mama mwenye saluni ya vitanda sita anajaza fomu namba 720 kila robo mwaka.

Sijui mtu anayeweza kuutetea msamaha huo kwa hoja ya afya, na unapeleka ujumbe mbaya kuliko kutokuwa na kodi kabisa, kwa sababu unakiweka kitanda jirani na vyuma kana kwamba vyote ni vya kujenga mwili.

Mapato je? Badala ya takriban dola milioni 270 kwa mwaka zilizotarajiwa kwa wastani, miaka ya mwanzo hayakufika hata milioni 100. Mkaguzi wa mamlaka ya mapato alieleza mwaka 2011 kwamba ni wafanyabiashara kama 10,300 tu waliowasilisha fomu, wakati makadirio ya sekta yenyewe yalikuwa yamefika hadi 25,000. Wengine hawakujua wanadaiwa, wengine walijua na wakanyamaza. Uchunguzi uliofanywa katika saluni za jimbo la Illinois ulionyesha kwamba nyingi zilimwongezea mteja kodi hiyo kwenye bei, na karibu robo tu ndizo zilizosema wateja wamepungua.

Wapinzani wanashika takwimu hizi na kusema kodi imeshindwa. Subirini kidogo. Kodi ya afya ikiingiza pesa nyingi, maana yake watu hawakuacha. Ikiingiza kidogo, pengine wameacha. Huwezi kuilaumu kwa kukosa mapato na hapohapo ukailaumu kwa kuua biashara, ingawa chama cha wenye saluni kimefanya yote mawili kwa miaka. Wao wanasema maelfu ya saluni zimefungwa. Zimefungwa kweli, lakini kodi haikuwa peke yake kwenye tukio. Uchumi ulikuwa umeanguka 2008. Januari 2010 tume ya biashara ya Marekani ilikibana chama cha sekta hiyo kwa matangazo ya kupotosha yaliyodai kuota miale ni salama na kuna faida kwa afya. California ilizuia walio chini ya miaka 18 kuanzia Januari 2012, majimbo mengine yakafuata. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ikaamuru onyo kwenye mashine kwamba zisitumiwe na watoto. Kufikia 2015 wasichana wa sekondari walioota miale walikuwa wameshuka kutoka karibu asilimia 25 hadi karibu 11.

Ni anguko kubwa, na sidhani dola moja na nusu inaweza kujisifia kwalo. Nikilazimika kugawa sifa, nyingi ningezipeleka kwenye sheria za umri na kwenye mabadiliko ya fikra, kodi ningeiachia makombo. Mtetezi wa kodi anaweza kunijibu kwamba kodi yenyewe ilikuwa tangazo: kitu kilichotozwa kodi ndani ya sheria ya afya kimeshatiwa doa. Nalikubali hilo kwa kiasi. Kelele za Snooki na McCain pengine zilifundisha watu wengi kuliko bango lolote la hospitali.

Nchi nyingine hazikusumbuka na kodi. Brazil ilipiga marufuku vitanda vya miale kwa ajili ya urembo Novemba 2009. Australia, nchi yenye watu wengi wenye ngozi nyeupe chini ya jua kali, ilifika hapo baada ya kisa cha Clare Oliver wa Melbourne, aliyefariki kwa melanoma mwaka 2007 akiwa na miaka 26 na aliyetumia wiki zake za mwisho kuvipigia kelele vitanda hivyo hadharani. Kuanzia 2015 karibu majimbo yote yalikuwa yameshazifunga saluni hizo, na Australia Magharibi ikamalizia mwaka uliofuata. Hapakuwa na hesabu ya asilimia ngapi.

Uingereza, kwa jambo jingine, ilionyesha kodi iliyochongwa vizuri inavyokuwa. Kodi yake ya vinywaji vya sukari, iliyoanza Aprili 2018, haikutazama bei. Kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakilipi kitu. Kuanzia 5 hadi chini ya 8 kililipa peni 18 kwa lita, na kuanzia 8 kwenda juu peni 24. Kampuni nyingi zilipunguza sukari hata kabla ya siku ya kwanza ili zishuke ngazi. Mnywaji hakuhitaji kubadili tabia wala kuhubiriwa. Chupa ndiyo iliyobadilika. Kodi ya vitanda ingeweza kufuata njia hiyo, ikatozwa kwa nguvu ya taa na kwa kila kipindi, kwa kumbi za mazoezi na saluni bila ubaguzi. Haikufanyika, na nadhani sababu ni ileile ya mwanzo: waliokuwa wanaandika walikuwa wanatafuta bilioni, si wagonjwa.

Denmark nayo ilionyesha upande wa hatari. Oktoba 2011 iliweka kodi ya mafuta yaliyogandamana kwenye vyakula, ikatoza siagi, jibini na nyama. Wadenishi wakavuka mpaka kwenda kununua Ujerumani. Mwanzoni mwa 2013 kodi hiyo ilikuwa imeshazikwa. Palipo na mpaka ulio karibu na kitu cha kubebeka mkononi, kodi peke yake haiendi mbali.

Na mpaka ulio karibu tunaujua sisi. Afrika Mashariki haina soko la vitanda vya miale la kuzungumzia, lakini ina ndugu yake wa kinyume: mkorogo. Huko wanalipa wawe weusi kidogo, huku wanalipa wawe weupe kidogo, na pande zote mbili ngozi ndiyo inayoadhibiwa. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo inaharibu figo. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaiacha ngozi na mabaka meusi ya bluu yasiyotoka. Mtaani watu wana msemo wao, uso Fanta, vidole Coca, kwa sababu viungo vya vidole vinakataa kubadilika rangi. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimevipiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizo, na Rwanda mwishoni mwa 2018 ilituma maafisa madukani kuvikusanya.

Vipodozi halali, wakati huohuo, vinatozwa. Kenya na Uganda zina ushuru wa bidhaa juu ya vipodozi kwa miaka sasa, Rwanda ikajiunga mwaka 2025. Tanzania mwaka 2019 iliwawekea wavaa nywele bandia ushuru wa asilimia 25 kwa zinazoagizwa nje na 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Sababu inayotolewa bungeni mara nyingi ni ileile: ni anasa, si vitu vya lazima. Wigi halijamletea mtu saratani. Likitozwa, litozwe kwa sababu serikali inahitaji hela na iseme hivyo, isitafute kisingizio cha kulea wanawake.

Kwenye mafuta ya ngozi athari inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na athari. Ingia kwenye duka la vipodozi Kariakoo. Kwenye rafu kuna losheni yenye nembo ya ubora, risiti na kodi ndani ya bei. Chini ya kaunta, kwa mteja anayejua kuuliza, kuna kikopo cha plastiki kisicho na maandishi, kimechanganywa nyuma ya duka kutokana na mirija na krimu zilizopita mipaka bila kuonwa. Kikopo hakilipi ushuru, hakilipi VAT, hakimjui mkaguzi wa TBS, shirika la viwango la Tanzania. Kila unapopandisha ushuru wa losheni ya juu, unakipunguzia bei cha chini bila muuzaji wake kufanya lolote. Kitu kilichopigwa marufuku hakifikiwi na kodi. Kinachofikiwa ni mshindani wake halali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa kitu kinachoua watu kwa kuanza wakiwa wadogo, kama kitanda cha miale, umri uwekewe sheria kwanza, na kwa mkorogo kazi ni ya mkaguzi na maabara. Kodi inakuja baada ya hapo, kwa watu wazima, na itozwe kwa kipimo cha sumu yenyewe. Mapato yake yakipungua, waziri asilalamike. Wapo watakaosema hata hivyo ni kuingilia maisha ya watu, na siwezi kuwaambia wamekosea kabisa. Naona tu kwamba aliye na miaka 16 hajafikia kuwa na uhuru wanaoutetea.

Ugumu wa utekelezaji utabaki, na unaanzia kwenye daftari la forodha. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kifungu 33.04 kinaweka pamoja vipodozi vya uso, mafuta ya kutunza ngozi, losheni za kukinga jua na losheni za kuibabua kwa jua. Krimu ya kung'arisha inaingia humohumo. Ukitoza kifungu kizima kwa jina la anasa, umemtoza mtu mwenye ualbino wa Mwanza au Gulu, ambaye kwake jua la bure linafanya kazi ileile ya kitanda cha saluni, na losheni ya kukinga ndiyo kinga yake dhidi ya saratani. Huko Moshi, hospitali ya KCMC, losheni ya namna hiyo inatengenezwa mahsusi kwa ajili yao. Uganda ililiona hilo: sheria yake ya ushuru inatoza vipodozi asilimia 10, ila inaziacha nje krimu ambazo watu wenye ualbino hutumia kutibia ngozi zao. Ni mstari mmoja tu kwenye jedwali la viwango, na wanaoandika bajeti za majirani wanaweza kuunakili kabla ya Juni.